Kabla hujaweka barua pepe ya kazi kwenye simu yako: kwa watumishi wa afya

Swali la kwanza halihusu mtandao wala nywila. Ni hili: simu yako inashikwa na nani? Ukifika nyumbani mtoto anaichukua acheze gemu. Mwenza wako anajua namba ya kuifungua. Shemeji ameishiwa salio, anaomba apige mara moja. Kazini, mwenzako wa zamu anaiazima aangalie kitu mtandaoni kwa sababu bando lake limekata. Hayo ni maisha ya kawaida na hayana ubaya, mpaka siku utakapoingiza humo anwani ya kazi. Kuanzia hapo, kila anayeshika simu yako anashika pia rufaa za wagonjwa, majibu ya maabara na taarifa za vifo. Mgonjwa alikueleza wewe, chumbani, mlango ukiwa umefungwa. Hakumweleza shemeji yako.

Kwa hiyo kama simu ni ya familia nzima, usiiweke barua pepe ya kazi humo. Isome kwenye kompyuta ya ofisini, na wakubwa wako waambie wazi kwamba huna simu inayofaa. Hilo ni jibu la kitaalamu kabisa. Kama simu ni yako lakini huwezi kukwepa kuiazimisha, jifunze kubandika programu moja kwenye skrini. Simu nyingi za Android zina uwezo huo kwenye mipangilio ya usalama, na iPhone nayo ina wa kwake. Unafungua gemu, unalibandika, na aliyeshika simu hawezi kutoka hapo bila namba yako ya siri. Hakikisha tu umewasha kile kipengele kinachodai namba hiyo kabla ya kubandua, maana bila hicho mtoto wa darasa la tatu anatoka bila shida.

Baada ya hapo, nenda kwa afisa TEHAMA wa kituo chako kabla hujagusa kitu. Muulize mambo mawili: je, mwajiri anaruhusu barua pepe ya kazi kwenye simu binafsi, na kama anaruhusu, ataweza kufanya nini kwenye simu yangu? Katika taasisi za Serikali hapa Tanzania, barua pepe rasmi ni ile yenye anwani inayoishia na go.tz, na nyingi zinapita kwenye mfumo wa GMS unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Usiunganishe anwani hiyo na Gmail yako binafsi, na usiweke utaratibu wa kuzisukuma barua ziingie huko zenyewe ili "zikae sehemu moja". Barua ikishatoka kwenye mfumo wa kazi, mwajiri hana tena uwezo wa kuilinda, na wewe ndiye utakayeulizwa.

Hilo swali la pili, la atakachoweza kufanya kwenye simu yako, ndilo wengi hawaliulizi. Mifumo mingi ya barua pepe, unapoiongeza kwenye simu, huleta ukurasa unaoomba ruhusa ya msimamizi. Watu wanabonyeza "kubali" bila kusoma. Soma. Mara nyingine humo ndani mna ruhusa ya kufuta kila kitu kwenye simu kwa mbali: barua za kazi, na pia picha za harusi yako na namba zote. Ni ruhusa yenye maana, kwa sababu simu ikiibiwa ndiyo inayomwokoa mgonjwa, lakini unapaswa kujua unachokubali na kuhifadhi nakala ya vitu vyako mahali pengine kwanza. Kama mwajiri wako ana mfumo wa kusimamia simu, omba utaratibu wa wasifu wa kazini. Kwenye Android unaonekana kwa alama ndogo ya mkoba juu ya programu za kazi. Programu za kazi zinakaa upande wao, zako upande wako. Msimamizi anaweza kufuta upande wa kazi peke yake, na haoni picha zako wala meseji zako. Kwa maoni yangu hii ndiyo njia ya haki kwa pande zote mbili, na hospitali yenye uwezo wa kuiweka haina sababu ya kutoiweka.

Sasa kufuli. Ule mchoro wa kuunganisha nukta uache. Kidole kinaacha alama ya mafuta kwenye kioo, na aliyekaa nyuma yako kwenye daladala anausoma kwa mtazamo mmoja. Weka namba ya siri yenye tarakimu 6 au zaidi, isiyo mwaka wa kuzaliwa. Alama ya kidole ni nzuri ila kwa kazi yetu ina tatizo lake: ukiwa na glovu haifanyi kazi, na mikono iliyotoka kusafishwa kwa vitakasa mikono nayo inasumbua. Matokeo yake muuguzi anachoka katikati ya zamu, anaondoa kufuli kabisa. Afadhali uzoee namba ambayo vidole vyako vinaibonyeza haraka, na simu ijifunge yenyewe baada ya sekunde 30 au dakika 1. Kufuli hilo ndilo linalofanya data iliyomo ndani ibaki fumbo kwa mwizi. Simu zote zilizotoka kiwandani na Android 10 au toleo la baadaye zinatakiwa kusimba data zake, yaani kuzigeuza fumbo, na iPhone hufanya hivyo ukiweka namba ya siri. Ukiondoa namba, ulinzi huo unabaki jina tu.

Lakini kuna uvujaji ambao kufuli halizuii, na huu nautilia mkazo kuliko mengine yote. Simu iko mezani mapokezi, imefungwa, imelala kichalichali. Kioo kinawaka. Barua imeingia, na mstari wa kwanza unasomeka na kila aliyesimama pale: jina kamili la mtu, na kando yake neno CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba kwa wanaoishi na VVU. Hapo hakuna aliyedukua kitu. Hakuna aliyejua nywila. Na bado mtaa mzima utajua kabla ya jioni kwamba fulani anatumia dawa, kwa sababu kila mtu anajua wanaokwenda CTC wanafuata nini. Ingia kwenye mipangilio ya arifa, chagua zifiche maudhui skrini ikiwa imefungwa, kisha jitumie barua ya majaribio uone kweli haisomeki. Usiamini mpangilio ambao hujaujaribu.

Upande wa pili wa jambo hilo ni wewe unayetuma. Kichwa cha barua kisiwe na jina la mgonjwa, ugonjwa wala kliniki. Andika "Rufaa, tazama ndani" au namba ya faili ambayo haimwambii mtu wa nje chochote. Huwezi kujua simu ya mpokeaji imepangwaje. Sheria ya kudhibiti UKIMWI ya mwaka 2008 inadai usiri wa majibu ya vipimo vya VVU, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Kwa wenzetu wa Kenya kuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Ila hata kama sheria hizo zisingekuwepo, mtu aliyefichuliwa hivyo anaacha kuja kuchukua dawa, na hilo peke yake lingetosha.

Nywila ya barua pepe ya kazi iwe ya kazi tu, usiitumie kwingine popote. Kisha washa uthibitishaji wa hatua mbili, yaani mfumo unadai namba ya ziada baada ya nywila, na kama mfumo wenu unakupa uchaguzi, usichague kuletewa namba hiyo kwa meseji ya kawaida. Laini ya simu inaweza kuibiwa bila simu kuguswa: tapeli mwenye taarifa zako anashawishi ukafanyika usajili upya wa namba yako kwenye kadi nyingine, simu yako inapoteza mtandao ghafla, na meseji zote zinaanza kuingia kwake. Tumia programu ya kuzalisha namba. Inatoa tarakimu 6 zinazobadilika kila baada ya sekunde 30 na haihitaji bando wala mtandao, jambo linalomfaa mtu wa zahanati ya mbali kuliko meseji inayochelewa nusu saa. Inachohitaji ni saa ya simu kuwa sahihi. Kama umezoea kusogeza saa mbele kwa mkono, namba zitakataliwa na utadhani mfumo umeharibika, kwa hiyo acha simu ijipangie saa yenyewe. Zile namba za akiba unazopewa siku ya kwanza ziandike kwenye karatasi, uziweke nyumbani pamoja na vyeti vyako. Ukizipiga picha kwa simu hiyohiyo, siku ikipotea zimepotea nazo. Na ukiletewa ombi la "je, ni wewe unayeingia?" wakati hujagusa chochote, kataa, kisha badilisha nywila siku hiyohiyo. Kwa laini zako, piga *106# mara kwa mara uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Kuhusu barua za kitapeli, wengi hudhani ni tatizo la mtu mmoja kuibiwa akaunti. Tarehe 18 Machi 2021, mtumishi mmoja wa shirika la huduma za afya la Ireland, HSE, alifungua faili la Excel lililokuja kama kiambatisho. Wahalifu wakakaa kimya ndani ya mtandao karibu miezi miwili. Tarehe 14 Mei wakafunga mifumo ya shirika hilo nchi nzima, hospitali zikarudi kwenye kalamu na karatasi, na miadi ya wagonjwa ikafutwa kwa wingi. Mlango ulikuwa barua moja.

Kwenye simu hatari huongezeka kwa sababu kioo ni kidogo. Unaona jina la mtumaji tu, anwani imefichwa. Bonyeza jina uone anwani kamili. Kabla ya kufungua kiungo, kibonyeze kwa muda bila kuachia mpaka anwani yake itokee, kisha tazama mwisho wa jina la tovuti: kuna tovuti zinazoweka go.tz katikati halafu jina linaendelea na kumalizikia kwingine kabisa. Chambo za kwetu unazijua. Malimbikizo ya mshahara, orodha ya waliopandishwa madaraja, posho ya mafunzo, uhakiki wa taarifa za mtumishi "kabla ya saa sita leo". Barua inayokuharakisha na kukutisha kwa pamoja, iache. Mpigie afisa utumishi kwa namba unayoijua, siyo iliyoandikwa kwenye barua hiyo.

Mengine ni mafupi. Sasisha simu, na kama ni ya zamani kiasi kwamba haipokei tena masasisho ya usalama, haifai kwa kazi hii. Programu ya barua ichukue kwenye duka rasmi la programu, kamwe siyo faili uliyorushiwa WhatsApp. Ukiwa kwenye waifai ya hoteli wakati wa semina na simu ikaonya kwamba cheti cha tovuti hakiaminiki, tumia bando lako.

Viambatisho vinahitaji maelezo kidogo. Ukigusa PDF ya rufaa ili uisome, mara nyingi nakala yake inabaki kwenye folda ya vilivyopakuliwa. Ukiihifadhi picha ya eksirei, inaingia kwenye albamu moja na picha za watoto, na kama simu inapandisha picha kwenye wingu usiku, eksirei nayo imepanda kwenye akaunti yako binafsi. Kutoka hapo hadi kundi la WhatsApp la wodi ni mguso mmoja. Soma viambatisho ndani ya programu ya barua, zima upandishaji wa picha kwa folda hiyo, na kila mwisho wa wiki futa kilichobaki.

Halafu jiandae kwa siku ambayo simu itapotea. Maandalizi hayo hufanyika sasa, ukiwa nayo mkononi. Piga *#06#, nakili namba za IMEI, yaani namba za utambulisho wa simu yenyewe, kwenye karatasi. Kwenye karatasi hiyo andika namba ya afisa TEHAMA, na uulize nani anapokea usiku, Jumapili na sikukuu. Kama jibu ni "hakuna", lipeleke kwenye kikao cha menejimenti, kwa sababu simu haziibiwi saa za kazi peke yake. Washa huduma ya kutafuta simu, uijaribu mara moja kwa kutumia kompyuta. Siku yenyewe ikifika, mjulishe TEHAMA kwanza ili akaunti ifungwe, badilisha nywila kwa kifaa kingine, kisha kampuni ya simu izuie laini, halafu polisi kwa ripoti ya upotevu. Usikae siku mbili ukisubiri labda aliyeiokota atapiga. Nanyi viongozi wa vituo, msimfokee anayeripoti. Mkimfokea mmoja hadharani, wa pili atanyamaza wiki nzima, na wiki hiyo barua zote ziko mikononi mwa mtu msiyemjua.

Fundi naye. Kubadilisha kioo au betri hakuhitaji namba yako ya siri. Akiidai, ondoa kwanza akaunti ya kazi kwenye mipangilio ya simu, maana kufuta alama ya programu peke yake hakutoshi. Fanya hivyohivyo unapouza simu, kisha irudishe kwenye hali ya kiwandani. Na unapohamishwa kituo, siku unayokabidhi funguo za stoo na rejista, kaa na afisa TEHAMA muondoe akaunti mkiwa wawili, na yeye ahakikishe kwenye mfumo wake kwamba simu yako haimo tena.