Injini ya Trekta Kuukuu: Namna ya Kuamua Kama Ijengwe Upya au Ibadilishwe

Massey Ferguson 135, 240 na 290 ni matrekta ambayo mkulima wa Kiteto, wa Mbarali au wa Trans Nzoia hahitaji kuelezwa, kwa kuwa mengi yake yamelima mashamba yale yale tangu enzi za wazazi, na mengine yamepita mikononi mwa wamiliki kadhaa bila daftari hata moja la matengenezo. Injini ya trekta la namna hiyo inapoanza kutoa moshi wa bluu, kula oili na kuishiwa nguvu jembe likiwa ardhini, fundi mmoja humwambia mwenye trekta aifungue na kuijenga upya, na mwingine humwambia atafute injini nyingine aifunge. Kila mmoja wao anaweza kuwa sahihi, lakini hakuna anayestahili kufuatwa kabla injini haijapimwa. Mfano ninaoutumia hapa ni injini ya Perkins AD3.152, yenye silinda tatu na ujazo wa lita 2.5, iliyofungwa kwenye MF 135 na MF 240 nyingi. Njia ya kuamua ni ile ile kwa injini nyingine za dizeli za rika lake, isipokuwa pale nitakapotaja tofauti.

Anza kwa kuondoa sababu ndogo, kwa maana injini nyingi hufunguliwa ilhali zilihitaji nozeli tu. Moshi mweusi kwa kawaida humaanisha dizeli nyingi au hewa haba: chujio la hewa limeziba, nozeli zinadondosha badala ya kunyunyiza, au pampu ya dizeli imevurugwa na mtu aliyetaka kuongeza nguvu. Moshi mweupe unaochoma macho asubuhi ni dizeli isiyoungua, na huweza kutokana na kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) iliyoshuka au na majira ya pampu, yaani wakati wake wa kupeleka dizeli, yaliyosogea. Mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto, huku maji ya rejeta yakipungua, huelekeza kwenye gasketi ya hedi (kifuniko cha juu cha silinda) au ufa. Moshi wa bluu ndio unaosema oili inaungua, na hata huo unaweza kutoka kwenye gaidi za valvu badala ya ringi za pistoni. Kwa hiyo safisha chujio la hewa, badilisha vichujio vya dizeli, peleka nozeli zikapimwe, kisha rekebisha nafasi za valvu, ambazo kwa AD3.152 ni 0.30 mm injini ikiwa baridi. Gharama ya kazi hizi zote ni ndogo ukilinganisha na kufungua injini, na hata ukilazimika kuifungua baadaye, hujapoteza kitu.

Hali isipobadilika, pima. Injini ikiwa imepata moto, fungua kifuniko cha kujazia oili na uangalie. Mvuke mwepesi ni wa kawaida. Moshi unaotoka kwa mapigo na kukusukuma kiganja humaanisha kwamba injini, kama wasemavyo mafundi, inapumua, yaani gesi ya mlipuko inapita kando ya pistoni na kuingia kwenye sampu, bakuli la oili chini ya injini. Kisha pima kompresheni kwa geji ya dizeli kupitia tundu la nozeli, silinda moja baada ya nyingine, betri ikiwa na chaji kamili. Tofauti kati ya silinda na silinda ina maana kubwa kuliko namba yenyewe. Aliyeko Eldoret, kwenye mwinuko wa takriban mita 2,100, asishtuke akipata namba ndogo kuliko za kitabu, kwa sababu hewa ya huko ina mgandamizo pungufu kwa takriban 20% ukilinganisha na pwani. Silinda iliyo chini ya wenzake itilie kijiko kimoja cha oili, kisichozidi, kisha upime tena: namba ikipanda, kasoro ni ringi au slivu (bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka), isipopanda, kasoro ni valvu au gasketi ya hedi, na huenda ukahitaji kufungua hedi peke yake.

Kipimo cha tatu ni presha ya oili, nacho ndicho kinachoeleza hali ya krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, na beringi zake bila kufungua kitu. Usitegemee geji ya dashibodi ya trekta la miaka 40. Funga geji ya mkono, iache injini ipate moto wa kazi, kisha soma ikiwa kwenye mzunguko wa juu. Kwa injini hii, chini ya psi 30 katika hali hiyo ni dalili ya beringi zilizokwisha, pampu ya oili iliyochoka, au vyote viwili. Mwisho, iache injini usiku kucha bila kuwasha, na asubuhi ulegeze polepole bolti ya kumwagia oili. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo kama yamo yatatangulia kutoka, na ukiyaona, usiwashe tena injini hiyo mpaka ujue yanakotoka.

Kabla ya kuamua lolote, tafuta kilichoiua. Katika mashamba yetu, muuaji mkuu ni vumbi. Vua bomba la mpira linalotoka kwenye chujio la hewa kwenda kwenye injini, ingiza kidole upande wa ndani, na ukitoe. Kidole kikitoka na unga mwembamba mwekundu, basi kila saa ya kulima ilikuwa ikisaga ringi na slivu, na sababu kwa kawaida ni klipu iliyolegea, bomba lililopasuka upande usioonekana, au bakuli la chujio lisilo na oili. Injini mpya kabisa ikifungwa kwenye bomba hilo hilo, itakufa kwa namna ile ile. Rejeta iliyoziba nayo ihesabiwe, kwa maana hedi iliyopinda mara nyingi ni matokeo yake.

Vipimo vikionyesha kwamba injini imechoka kweli, ifunguliwe, na mwenye trekta awepo. Hapa ndipo uamuzi hasa unapofanyika, nao unahusu vitu viwili: bloku na krenki. Watu huogopa sana silinda zilizolika, lakini kwenye AD3.152, kama ilivyo kwenye A4.248 ya MF 290, silinda ni slivu kavu (zisizoguswa na maji) zinazoweza kung'olewa na kuwekwa mpya, na injini ikarudi kwenye kipimo chake cha kiwandani. Pitisha ukucha kwenye sehemu ya juu ya slivu, pale ringi ya kwanza inapogeukia. Ukucha ukikwama kwenye ukingo, slivu imekwisha, lakini hiyo si sababu ya kutupa injini. Ford 5000 ni tofauti, kwa kuwa silinda zake zimechongwa moja kwa moja kwenye bloku bila slivu, na maji yanaweza kutoboa ukuta wa silinda kutokea nje; bloku ya aina hiyo huokolewa kwa kuichonga na kuitia slivu, kazi inayohitaji karakana yenye mashine nzuri.

Bloku ioshwe mpaka chuma kionekane. Ipanguswe kwa mafuta ya taa, ikaushwe vizuri kwa kitambaa, kisha ipakwe chaki sehemu za kati ya silinda, kuzunguka matundu ya bolti na kwenye makalio ya beringi kuu, pale krenki inapokaa. Mafuta yaliyojificha kwenye ufa yatapanda na kuchora mstari kwenye chaki. Karakana kubwa huipima kwa presha ya maji, na pale inapowezekana lipia kipimo hicho. Ufa kwenye makalio ya beringi kuu, tundu lililotobolewa na konrodi (mkono unaounga pistoni na krenki), au kalio lililosagwa na beringi iliyozunguka ndani yake, ni mambo matatu yanayonifanya niseme bloku hiyo iachwe. Wapo wanaoichomelea. Chuma cha kutupwa kinaweza kuchomelewa na ukuta wa nje usiobeba mzigo ukashika, lakini kwenye makalio ya krenki sikushauri hata kama bei inavutia.

Krenki ipimwe kwa maikromita kwenye kila jono, yaani sehemu yake inayozunguka ndani ya beringi, mara mbili kwa pembe tofauti, na namba ziandikwe. Krenki hizi huchongwa kwa hatua za 0.25 mm, 0.50 mm na 0.75 mm, ambazo mafundi huziita teni, twenti na thati kwa kufuata elfu za inchi, na beringi zake huuzwa kwa saizi hizo. Geuza beringi iliyotoka na usome mgongoni: ikiwa ni standadi au teni, krenki bado ina maisha; ikiwa ni thati na jono limekwaruzika, ongeza bei ya krenki nyingine kwenye hesabu. Bado si mwisho wa injini, lakini hesabu imebadilika.

Njia ninayoipinga kwa nguvu ni ile ya katikati, ya kubadilisha ringi tu kwenye slivu zilizolika ili trekta limalize msimu. Silinda iliyochakaa huwa pana juu na nyembamba chini, na hakuna ringi mpya inayoweza kuziba umbo hilo. Miezi michache baadaye injini inapumua tena, na fedha ya gasketi, oili na ufundi imelipwa mara mbili. Ukijenga, jenga yote: slivu, pistoni na ringi zake, beringi za krenki na konrodi, bushi, pampu ya oili, valvu na gaidi zake, sili zote, na pampu ya dizeli ikapimwe kwenye benchi. Uliza kama slivu unazouziwa zimekamilishwa kiwandani au zinahitaji kuchongwa baada ya kukandamizwa, na bloku ikipigwa fesi, yaani uso wake wa juu ukisawazishwa, fundi apime pistoni inavyosimama dhidi ya uso wa bloku kabla ya kufunga hedi. MF 240 imeendelea kutengenezwa Lahore, Pakistan, kwa miaka mingi, na ndiyo maana spea zake zinapatikana kwa urahisi. Ubora wake unatofautiana mno, kwa hiyo pistoni zote zitoke kwenye seti moja na zipimwe kabla ya kufungwa.

Kubadilisha injini nzima kunafaa pale bloku imekufa, pale krenki na bloku vyote vinahitaji kazi kubwa kwa pamoja, au pale karakana ya kuaminika iko mbali na msimu umekaribia. Ukifikia hapo, tafuta injini ya aina ile ile. Kwenye matrekta haya bloku na sampu yake ya chuma cha kutupwa ndizo uti wa mgongo: mbele zinashika ekseli, nyuma zinashika nyumba ya klachi, na hakuna chesisi inayopita chini yake. Injini ya lori au pikapu haikuumbwa kubeba mzigo huo, na anayeifunga hulazimika kuchomelea fremu, kusogeza rejeta na kubadilisha klachi, mpaka akapata trekta ambalo fundi mwingine hawezi kulitengeneza.

Injini ya mtumba iliyotolewa kwenye trekta bovu ina hatari yake: umenunua uchakavu usioujua ili kuondoa uchakavu ambao tayari umeupima. Inunue tu ukiisikia ikiwaka kutoka baridi, ukipima presha ya oili ikiwa na moto, na ukikubaliana na muuzaji kwa maandishi kwamba sampu itafunguliwa na beringi moja ya konrodi na moja kuu zikaguliwe. Akikataa, hesabu injini hiyo kama isiyojengwa, na ujumlishe bei ya kuijenga juu ya bei yake. Namba ya injini iliyoandikwa kwenye kadi ya usajili lazima ibadilishwe pia, kupitia TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, hivyo dai hati ya mauziano yenye namba hiyo.

Sasa andika hesabu mbili kwenye karatasi moja. Upande wa kwanza weka spea zote kwa bei ulizoulizia dukani, kazi ya karakana ya kuchonga, ufundi, pampu na nozeli, pamoja na akiba kwa yale yatakayoonekana baadaye. Mimi huweka moja ya tano ya jumla. Upande wa pili weka injini nyingine, usafiri, ufundi wa kukata trekta (kulitenganisha injini na nyumba ya klachi) na kuliunga, klachi na sili ambazo ni upumbavu kuzirudisha kuukuu trekta likiwa limekatwa, na usajili. Kisha litazame trekta lenyewe: giaboksi inayotoa gia, haidroliki isiyoshika jembe, diferensha inayolia na matairi yaliyokwisha vyote vinadai fedha baada ya injini. Jumla yake ikikaribia bei ya trekta la aina hiyo hiyo lililo zima katika soko lenu, uza spea na usijenge chochote. Lakini trekta lenye giaboksi na haidroliki nzima, bloku isiyo na ufa na krenki ambayo haijafika thati, jibu langu ni kulijenga, na mara nyingi ndivyo hali ilivyo.

Kazi ifanyike mara baada ya mavuno, kwa sababu fundi anayeharakishwa na mvua haoshi njia za oili za krenki. Injini ikirudi, usiiache isilenti, ikizunguka polepole bila mzigo, kwa muda mrefu kama wengi wanavyofanya. Ringi hukaa vizuri kwenye slivu zikipata mzigo wa wastani, kama vile kuvuta tela au haro nyepesi, huku ukibadilisha mzunguko na kuangalia presha na joto. Baada ya saa 50 za kazi mwaga oili, badilisha chujio lake, kaza tena bolti za hedi kwa kipimo cha kitabu ikiwa gasketi iliyotumika inahitaji hivyo, na urekebishe valvu upya.