Podikasti bila kujiandikisha
Jamani mnaosikiliza podikasti mkivuka feri Likoni, fungueni Mipangilio, kisha Programu, mtazame ruhusa. Programu ya podikasti ikitaka kujua ulipo, au majina uliyohifadhi kwenye simu, iondolee ruhusa hiyo. Kucheza sauti hakuhitaji hayo hata kidogo. Mimi kwenye Android natumia AntennaPod. Ni ya bure, haidai akaunti wala barua pepe, na msimbo wake, yaani maagizo yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote anayetaka kuukagua. Nimeiweka ipakue vipindi kwa waifai ya nyumbani tu, kwa hivyo njiani bando haliguswi. Ila jueni, seva ya mwenye kipindi bado huiona anwani yako ya IP, yaani namba ya intaneti unayotumia, unapopakua. Orodha ya ulivyosikiliza hubaki simuni mwako, usipowasha ulandanishi, yaani kuioanisha orodha hiyo na vifaa vyako vingine kupitia mtandao.