Fanya juu ya kukadiria kwa macho ndiyo inayozaa korongo

Kwenye miteremko ya Lushoto na Uluguru, makinga maji mengi ya fanya juu (mtaro ambao udongo wake hutupwa upande wa juu uwe tuta) yanayobomoka masika hayabomolewi na wingi wa mvua. Mstari wake ulichorwa kwa macho, na mlimani macho hudanganya. Tuta likiinama kidogo tu, maji ya shamba zima hukimbilia pale palipo chini, yakajaa na kulipasua. Hapo panakuwa korongo ambalo lisingekuwepo kama usingechimba kabisa.

Dawa ni fremu A, kipimo cha usawa chenye umbo la herufi A, nayo haina gharama: miti mitatu, kamba na jiwe. Miguu iwe ya mita 2, ifungwe pamoja juu, na chini iachane mita 2. Mti wa kati, mita 1.2, ufungwe nusu ya urefu wa miguu. Jiwe la kama nusu kilo lining'inie kwa kamba toka kileleni hadi chini ya mti huo.

Sasa kazi ambayo wengi mnairuka: kutafuta alama ya usawa. Pigilia vigingi viwili, simamisha miguu juu yake, chora alama kamba inapopita kwenye mti wa kati. Geuza fremu, mguu wa kulia ukae kwenye kigingi cha kushoto, chora alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo usawa ulipo. Msiniambie miguu mmeikata sawa! Fremu yenye kosa la sentimita 3, ukiibeba mguu uleule ukitangulia, hatua 20 zinakupotosha sentimita 60, kina cha mtaro mzima. Kwa hiyo tembea kwa kuizungusha, mguu wa nyuma uwe wa mbele, na kila kamba ikitua kwenye alama ya usawa, pigilia kigingi. Pima asubuhi, upepo ukianza kamba haitulii. Na vigingi vikishakaa, usivinyooshe ili shamba lipendeze. Kontua, yaani mstari wa usawa, hufuata mlima, haifuati jembe.

Mtaro uwe upana sentimita 60, kina 60. Udongo wote utupwe upande wa juu, ukiacha ukingo wa sentimita 20 hadi 30 kati ya mtaro na tuta, la sivyo unarudi mtaroni. Mteremko wa asilimia 10, tuta hadi tuta ni mita 13 hivi; wa asilimia 20, mita 10. Kuchimba kuishe Februari, kabla ya masika. Anayechimba Aprili anarahisishia maji kazi ya kubeba udongo.

Mvua za kwanza zikishuka, panda majani ya mabingobingo au gwatemala juu ya tuta, shina hadi shina sentimita 30. Usifunge ng'ombe hapo mwaka wa kwanza.

Maji yakituama kina kilekile toka mwanzo wa tuta hadi mwisho, umepatia.

Pakibomoka, usizibe kwa udongo na kuondoka. Rudisha fremu, pima mita 10 kila upande wa pengo, kisha inua tuta pale lilipolala.