Kumwagilia miche ya nyanya kwenye ndoo: shika uzito kwanza

Miaka kumi na saba nilikuwa nauza mchele na maharage kwa jumla pale Tandale. Ukikaa kwenye nafaka muda wote huo, mkono unageuka mizani. Nikinyanyua kiroba najua kimepunjwa kilo mbili kabla hakijapimwa. Sikujua kwamba mkono huohuo ndio ungekuja kuniokolea nyanya zangu hapa Sinza, kwenye kibaraza cha ghorofa ya pili, na uliniokolea baada ya kuwa nimeshaua miche kumi na miwili.

Haikufa kwa kiu ile miche. Niliizamisha. Nilikuwa naipa maji asubuhi na jioni bila kukosa, kikombe kimojakimoja. Majani yakalegea, nikaongeza maji. Yakaanza njano, nikaongeza tena. Siku nilipong'oa mmoja nikakuta mizizi ya kahawia, ukiivuta ngozi inabaki mkononi, na udongo unanuka mtaro.

Mizizi inahitaji hewa. Ndani ya udongo kuna vijitundu, na maji yakivijaza vyote kwa siku kadhaa mfululizo, mizizi inakabwa na kuoza. Mzizi uliooza haunyonyi tena, kwa hiyo jani linalegea hata kama mche umesimama kwenye tope. Wewe unaona jani limelegea, unakimbilia kopo. Ndipo tunapoimaliza wenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kopo, angalia vizuri. Mche wenye kiu jani lake ni jembamba na laini kama kitambaa kikuukuu, udongo umepauka, na ukiupa maji unasimama ndani ya saa moja au mbili. Mche uliozama jani limelegea lakini bado nene, majani ya chini yanageuka njano, juu ya udongo kuna ukijani wa kuteleza, na ukigusa ndoo vinaruka vijidudu vyeusi vidogo kama mbu. Na usihukumu saa nane mchana. Kwenye jua la saa ile nyanya hulegea hata maji yakiwepo. Ngoja saa kumi na mbili jioni; ikiwa imesimama yenyewe, iache.

Sasa ndoo. Mimi natumia zile za mafuta ya kula za lita 20, zilizobeba rangi ya kupaka siziamini. Natoboa kitako matundu manane kwa msumari uliopashwa kwenye jiko la mkaa, kila tundu linapitisha kidole cha mwisho, halafu mengine manne ubavuni, karibu kabisa na kitako. Juu ya matundu naweka kipande cha chandarua chakavu ili udongo usitoke. Kokoto siweki. Najua wengi tumefundishwa kutandika kokoto chini ili maji yatoke, ila maji hayapendi kutoka kwenye udongo laini kuingia kwenye nafasi kubwa za mawe. Yanasimama juu ya kokoto mpaka udongo uloe kabisa. Ukiweka kokoto umelipandisha tope karibu na mizizi, basi.

Udongo wangu ni mafungu mawili ya udongo wa juu, fungu moja la samadi iliyooza vizuri na fungu moja la maganda ya mpunga, ambayo kwa kazi yangu ya zamani nayapata mashineni bila kulipa. Maganda ndiyo yanayoacha nafasi ya hewa.

Haya, uzito. Ukishajaza ndoo, kabla hujapanda kitu, inamisha kwa mkono mmoja ukishika ukingo. Uache mkono uukariri huo wepesi. Kisha mwagilia polepole mpaka maji yachuruzike chini, ngoja nusu saa yakome, inamisha tena. Hapo umepata mipaka miwili, ndoo kavu na ndoo iliyoshiba. Mimi kwa ubishi niliziweka kwenye mizani: kavu ilikuwa kilo 12, iliyoshiba kilo 17. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo yangu inabeba lita tano hivi. Namwagilia inapokaribia kilo 13 na nusu. Siku hizi sina haja ya kupima. Ikikataa kuinama kirahisi, naipita. Kama huuamini mkono wako bado, zamisha kidole mpaka pingili ya pili: kikitoka na udongo umeganda, subiri kesho.

Usiwe na ratiba ya "kila siku" wala "kila baada ya siku mbili". Januari na Februari, kaskazi ikivuma na jua likiwaka, ndoo yenye mche mkubwa inaweza kukauka kwa siku moja. Juni na Julai ndoo hiyohiyo inakaa siku tatu. Na mche mdogo haunywi kama mkubwa.

Miche ikiwa bado kwenye vikombe vya plastiki ndiyo hatari zaidi, kwa sababu ya ugonjwa wa kinyausi. Unaiacha jioni imesimama, asubuhi unaikuta imelala, shina limesinyaa pale linapoingia udongoni kama limefungwa uzi likakatwa. Mche ukishapatwa hauponi. Vimelea vyake viko udongoni na vinapenda udongo uliolowa juu, miche iliyosongamana na hewa iliyotuama. Mimi miche ya vikombe siimwagilii kutoka juu kabisa. Nachukua beseni, natia maji ya kina cha vidole viwili, naketisha vikombe vilivyotobolewa chini. Unaona rangi ya udongo inapanda polepole. Kwanza hakuna kitu, halafu doa jeusi linatokea pembeni, linatambaa, baada ya dakika kumi na tano au ishirini uso wote umekuwa mweusi. Hapohapo natoa. Kikombe kimoja nakinyanyua kwa vidole viwili kabla na baada, ndiyo shule ya uzito kwa anayeanza.

Ukihamishia mche kwenye ndoo, loanisha ndoo yote mara moja siku hiyo ili udongo ushikane na mizizi. Baada ya hapo usiendelee kujaza ndoo nzima. Mche wa majani sita hauwezi kunywa lita tano; maji yatabaki yamekaa chini yakioza. Mpe nusu lita kwa kuzungusha, duara la shubiri moja kutoka shinani, na kila wiki upanue duara. Mche ukifika magotini, rudi kwenye kumwagilia ndoo yote mpaka ichuruzike.

Namna ya kumimina nayo ni kazi. Nina chupa ya lita moja na nusu niliyoitoboa kizibo matundu sita. Namwagia kidogo kwanza, naenda kunywa chai, narudi baada ya dakika kumi kummalizia. Udongo uliokauka sana unanywea, unaachana na ukuta wa ndoo, na ukimimina kwa haraka maji yanapita kwenye ule ufa mpaka chini. Unaona yanachuruzika, unajua mche umekunywa, kumbe katikati ni vumbi. Inamisha ndoo: kama imechuruzika na bado nyepesi, maji yamekukimbia. Ikifikia hapo, iketishe ndoo ndani ya beseni la maji nusu saa.

Majani usiyaloweshe. Jani likilala na maji usiku linaita bakajani, ugonjwa wa mabaka kwenye majani, na dawa ya bakajani si bei rahisi. Ndiyo maana namwagilia asubuhi kabla ya saa mbili. Jioni ni kwa mche uliozidiwa na kiu tu. Ukitumia mpira wa maji uliolala juani, mwaga ya mwanzo pembeni kwanza, yanaunguza. Tenki jeusi la juu ya paa vilevile, ifikapo saa tisa maji yake yanafaa kuogea mtoto. Jaribu kwenye kifundo cha mkono.

Maji ya bomba yakikatika hapa kwetu tunanunua ya kisima, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Kwenye nyanya utaiona: ukungu mweupe mgumu juu ya udongo na ukingoni mwa ndoo, kisha ncha za majani zinaungua kahawia. Usipunguze maji hapo, maana udongo ukikauka chumvi inazidi kukolea. Kusanya maji ya mvua wakati wa masika, na ukipata siku ya maji baridi yasiyo na chumvi, mimina polepole mengi mpaka yatoke chini kwa wingi, yaiondoe. Nisipokuwa na jinsi nachanganya nusu kwa nusu.

Hayo yanayotoka chini yaliniletea kesi. Mama Zuhura wa ghorofa ya kwanza alipanda ngazi siku moja na kanga mkononi, ina michirizi ya samadi. "Shikamoo mzee wangu. Hizi nyanya zako zinaninyeshea." Nikanunua masinia ya plastiki kumi. Sinia ni sawa, ila usiache ndoo imeketi kwenye maji kutwa. Baada ya nusu saa mwaga, la sivyo umerudi kwenye mtaro ule wa mwanzo.

Zikianza kuzaa, usizicheze kiu na shibe. Ukikausha wiki halafu ukafurikisha, utapata tunda lenye kitako cheusi kilichobonyea kama ngozi. Watu hukimbilia dawa ya ukungu. Ule si ukungu. Tunda limekosa kalsiamu, ile iliyomo kwenye chokaa, na kalsiamu hufika kwenye tunda kwa kusafiri na maji. Maji yakiyumba, nayo inayumba.

Mwezi uliopita nilikwenda Mtwara msibani siku tano. Nilizisogeza ndoo kivulini, nikafunika udongo kwa nyasi kavu, nikamwachia funguo Mama Zuhura. Sikumwandikia ratiba. Nilimshikisha ndoo mbili tu, kavu na iliyoshiba, nikamwambia ikikataa kuinama aiache. Siku ya tatu ukaingia ujumbe kwenye simu: "Mzee shikamoo. Nne zimekataa. Mbili nimezipa. Ile ya mwisho karibu na mlango nimechuma tatu, utanisamehe."