Flanji ya fibaglasi haikazwi kama ya chuma
Ukiunga bomba la fibaglasi na vali ya chuma, tazama kwanza uso wa flanji ya vali, yaani ule ukingo wa duara wenye matundu ya boliti za kuungia. Uso huo ukiwa na mwinuko katikati, usikaze hivyo hivyo: boliti zitavuta ukingo wa flanji ya fibaglasi kuingia kwenye mwanya unaobaki kuzunguka mwinuko huo, na shingo yake itapasuka. Ziba mwanya huo kwa pete ya kusawazishia, au bora zaidi, agiza vali yenye uso bapa tangu kwenye mchoro. Gasketi, yaani kizuia mvujo kinachokaa kati ya flanji mbili, iwe ya mpira laini, ifunike uso wote kupita matundu ya boliti. Weka washa (kipete bapa) chini ya kila nati, kisha kaza kwa kupishana, boliti moja kisha ile inayoielekea, kidogo kidogo, kwa spana ya kupimia nguvu. Ikivuja, mafundi wengi huongeza nguvu tu. Hapo ndipo flanji nyingi hufia. Vali nayo ipewe kishikizo chake, uzito usilibebeshe bomba.