Straika anafunga kabla mpira haujamfikia: mazoezi ninayowapa madogo wangu

Madogo wengi wakija mazoezini na kusema wao ni namba tisa, cha kwanza wanataka nione shuti. Anautenga mpira, anarudi nyuma hatua kumi, anaachia mkwaju, wenzake wanapiga makofi. Sawa, shuti lina kazi yake, ila mimi nikitafuta straika namwangalia wakati mpira uko kwa winga kule pembeni. Amesimama tu anausubiri? Anajua beki yuko wapi? Maana namba tisa kwa kawaida anagusa mpira mara chache kuliko viungo na mabeki, na hizo mara chache nyingi ni za mguso mmoja tu, nani atakupa nafasi ya kurudi hatua kumi? Kwaiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu ni vitu vya kufanya kabla mpira haujafika. Shuti tutafika, usijali.

Vifaa: mpira mmoja, ukuta, koni nne (kama hamna, ndala au chupa za maji zilizojazwa mchanga), na wenzako wawili, mmoja wa kukupigia pasi na krosi. Pasha mwili kwanza, dakika 15 hadi 20, sio kunyoosha miguu mara mbili alafu unaanza mashuti. Straika anaishi kwa sprinti za ghafla na ile misuli ya nyuma ya paja ndio inayochanika, nshaona vijana wazuri wanakaa nje msimu mzima kwa uvivu wa kupasha.

Hatua ya 1: Zungusha shingo

Kabla mpira haujakufikia angalia nyuma ya bega mara mbili. Mara ya kwanza mpira ukiwa unasafiri kwenda kwa mtu atakayekupa pasi, mara ya pili yeye akiwa anautuliza. Unatafuta vitu vitatu tu, beki yuko upande gani, kipa kasimama wapi, uwazi uko wapi.

Zoezi lake: mwenzako asimame mita 10 mbele yako, mwingine nyuma yako akiwa ameinua vidole. Pasi ikipigwa, geuka haraka, taja vidole vingapi, alafu ndio upokee. Siku za kwanza mpira utakupita miguuni na watu watacheka, waache wacheke. Baada ya wiki chache utajikuta unageuza shingo hata ukiwa unavuka barabara.

Hatua ya 2: Fasti tachi

Hapa ukuta ndio kocha. Simama mita 5, piga, ukirudi usiukanyage kwa soli kuusimamisha, hiyo ni tabia ya chandimu na itakuumiza mbele ya mabeki wazima. Uguse kwa ndani ya mguu uende mbele pembeni kidogo, umbali wa hatua moja, ili mguso unaofuata uwe shuti au pasi. Mwili usimame ubavu, nusu umegeukia goli, na upokee kwa mguu ulio mbali zaidi na mpira unakotokea. Ukifanya hivyo mguso wenyewe unakugeuza, huhitaji kuzunguka na mpira kama umeshikiliwa.

Mguu wa kulia mara 30, wa kushoto mara 30. Ndio, wa kushoto pia, na hili nalirudia kwenye kila hatua, beki akishajua una mguu mmoja anakufungia huo mmoja na kazi imeisha. Na wale wanaolalamikia viwanja vya vumbi, mpira unaodunda hovyo unakufundisha kulegeza kifundo cha mguu vizuri kuliko nyasi bandia.

Hatua ya 3: Kimbia mara mbili

Hapa ndio penyewe, ukisoma hatua moja tu soma hii.

Beki wa kati ana shida moja ambayo hata wa Ulaya wanayo: ukiwa nyuma ya bega lake hawezi kukuona wewe na mpira kwa wakati mmoja, lazima achague. Kwaiyo makazi yako ni pale nyuma ya bega, upande ambao mpira haupo. Ukisimama mbele ya macho yake umemrahisishia kazi, atakukaba huku anapiga stori na kipa.

Kutoka pale unaanza kwa kwenda usikotaka. Unataka krosi ya nguzo ya karibu? Anza kwenda nguzo ya mbali, hatua mbili tatu, na uende kweli, sio kuigiza kwa mabega tu. Sasa usiangalie macho ya beki, angalia miguu yake. Akishaweka uzito kwenye ule mguu wa upande unaokwenda, hawezi kugeuka mpaka aweke mguu mwingine chini, na hiyo nusu sekunde ndio yako, kata mbele yake. Ni hivyohivyo ukitaka mpira nyuma ya mabeki, njoo kwanza kama unaomba pasi ya mguuni, beki akipanda na wewe geuka uende.

Muda wake sasa. Vijana wanakimbia mapema mno, krosi inafika wao wameshafika nguzoni wamesimama wima wanakabwa na mtu yeyote. Mwangalie winga kichwa. Akiwa anapiga chenga na kichwa kiko juu, we tembea tu. Akisukuma mpira mbele kidogo na kuinamisha kichwa kuuangalia, hapo anapiga, ondoka.

Kuhusu kuotea, kinachohesabiwa ni ulipokuwa wakati mwenzako anaugusa mpira, sio ulipoupokelea. Ndio maana ukikimbia kwanza sambamba na mstari wa mabeki, kwa upinde, alafu ukakata pasi inapopigwa, unafika na spidi na bado uko salama. Na kuna kitu hata watu wazima mchangani wanabishana: ukipokea moja kwa moja toka mpira wa kurusha, kona au goli kiki, hamna kuotea. Hamna kabisa. Kwenye mpira wa kurusha nenda kakae nyuma ya mabeki uone watakavyoanza kumpigia mshika kibendera kelele.

Katafute bao la Mbwana Samatta, straika wa Tanzania, akiichezea Aston Villa dhidi ya Manchester City pale Wembley, 1 Machi 2020, fainali ya Kombe la Ligi la Uingereza. Watu wanakumbuka kichwa cha kuruka mbele. We iangalie mara ya pili bila kuangalia mpira, mwangalie Samatta tu toka krosi haijapigwa. Alafu fanya hivyohivyo na mabao ya Meddie Kagere alipokuwa Simba, alimaliza kinara wa mabao Ligi Kuu misimu miwili mfululizo, 23 msimu wa 2018/19 na 22 uliofuata, na alikuwa anaugusa mara moja na kumaliza, mambo ya kupiga chenga watu watano hakuwa nayo. Wa Kenya mnaye Olunga, mabao 28 kwenye ligi kuu ya Japani mwaka 2020, ana mwili mkubwa lakini kinachomlisha ni wakati anaochagua kuondoka.

Zoezi: weka koni moja iwe beki, pembeni ya alama ya penalti. Mwenzako akae pembeni na mpira. Anza nyuma ya koni, nenda mbali, kata mbele, malizia kwa mguso mmoja. Fanya 10 nguzo ya karibu, 10 ya mbali, 10 za kurudi nyuma kupokea pasi ya kukatwa, ile ambayo mabeki wote wanakimbilia golini na wewe unafunga breki karibu na alama ya penalti. Hiyo ya tatu wengi hawaifanyi na ndio inayotoa mabao rahisi kuliko zote.

Hatua ya 4: Kumalizia

Goli lina upana wa mita 7.32 na urefu wa mita 2.44. Weka koni mita moja ndani ya kila nguzo, hizo njia mbili nyembamba ndio shabaha yako, katikati pote ni pa kipa. Piga chini chini, kwenda kona ya mbali. Kipa mrefu kushuka chini kunamchukua muda kuliko kunyoosha mkono juu, na hata akiupangua ukaenda mbali unamkuta winga wako wa upande wa pili. Ukiukosesha nguzo ya karibu unaishia nje tu.

Mguu wa kusimamia uwe kando ya mpira, ukibaki nyuma unaupaisha. Goti juu ya mpira, kifua kisilale nyuma, tumia ndani ya mguu. Nguvu weka kidogo kuliko unavyodhani.

Ukibaki wewe na kipa, kichwa juu mara moja uone kama ametoka. Akiwa bado anakimbilia kwako miguu haijatulia, piga hapohapo, pembeni ya mguu wake, hawezi kujisukuma kuufuata. Akishajitandaza chini, mpige kanzu (uinue mpira umpite juu) au mzunguke. Kitu kibaya ni kubadilisha mawazo katikati, mpira unaishia mikononi mwake kama umempasia.

Hatua ya 5: Ukiwa umelipa goli mgongo

Fupi hii. Mguse beki wewe kabla hajakugusa, kwa mkono na nyonga, magoti yamekunjwa, mpira kwenye mguu ulio mbali naye. Usimshike jezi, utapigiwa fauli. Ukihisi anakusukuma kwa nguvu upande mmoja, zungukia upande wa pili, amekupa mlango mwenyewe. Ukihisi amekuachia, una nafasi ya kugeuka. Ukiwa huna uhakika mrudishie kiungo alafu ondoka.

Hatua ya 6: Vichwa

Paji la uso, macho wazi, shingo imekazwa, mdomo umefungwa (usije ukajing'ata ulimi). Pigia chini, ardhi inamsumbua kipa. Kama unafundisha watoto wa chini ya miaka 11, usiwapigishe vichwa mazoezini, Uingereza na Marekani wameshaweka miongozo ya kuzuia hilo na sioni haraka ya nini. Watumie mpira mwepesi wajifunze kuruka na kusoma krosi tu, inatosha.

Siku ya mechi, na majaribio

Hatua 1 na 2 zifanye kila siku, dakika 20 zinatosha. Ya 3 na 4 mara tatu kwa wiki. Siku moja kabla ya mechi usipige mashuti mengi, malizia 10 au 15 safi uende nyumbani.

Ukienda majaribio kwenye timu usiyomjua mtu, kabla ya filimbi nenda kwa mawinga wote wawili. Muulize anatumia mguu gani, krosi anapiga mapema au anafika mpaka mstari wa mwisho, alafu mwambie we unaanzia nyuma ya beki namba ngapi. Kiungo naye mwambie akikuona unakuja kwake alafu ukageuka, asisubiri umwite, aachie.