SOMO: Umelipia Mbps 200 unapata 94? Kagua waya kabla ya kuwapigia kampuni

Wakuu, jirani yangu ana faiba ya Mbps 200 (megabiti kwa sekunde). Kwenye simu, kwa Wi-Fi, inasoma 180 na ushee. Kompyuta ya mezani, iliyochomekwa waya kabisa, haivuki 94. Alishagombana na kampuni mara mbili. Kumbe shida ilikuwa mita mbili tu, kati ya modemu na kompyuta.

Hiyo 94 ikariri. Ukiiona, kompyuta na modemu zimeunganika kwa kasi ya Mbps 100 tu. Kiasi kinachopungua huliwa na taarifa za kusafirishia data.

1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika ncpa.cpl, Enter.

2. Bofya Ethernet mara mbili, soma palipoandikwa Speed. Ikiwa 1.0 Gbps (yaani Mbps 1000), waya hauna kosa. Ikiwa 100.0 Mbps, endelea.

3. Chomoa waya, kimulike kichwa chake kwa tochi ya simu. Ndani kuna nyaya nane. Mbps 100 inajitosheleza na nne, za rangi ya chungwa na kijani. Gbps 1 inataka zote nane. Ndiyo maana wa bluu au wa kahawia ukikatika intaneti haizimi, inashuka kimyakimya. Kwa jirani, wa kahawia haukufika mwisho wa kichwa; fundi alibana kwa haraka.

4. Weka waya mwingine. Daraja la waya linaloitwa Cat5e linatosha, usiuziwe Cat7 ya bei mbaya. Ikibaki 100, hamia tundu jingine: modemu kadhaa zina tundu moja tu la Gbps 1.

MASWALI

– Mkuu, nimelipia 100 lakini nikidownload naona 11. Nimeibiwa?

Hujaibiwa. Hiyo 11 ni megabaiti, kifurushi kinauzwa kwa megabiti. Zidisha kwa 8.

– Laptopu yangu haina tundu la LAN (la waya wa mtandao).

Nunua adapta ya USB 3.0 iliyoandikwa Gigabit, na uichomeke kwenye USB 3.0. Kwenye USB 2.0 itakwama chini ya Mbps 480, ingawa kwa kifurushi cha 200 hutaona tofauti.

– Modemu yangu ya laini inaonyesha 7.2 Mbps ila YouTube inakwama.

Hicho ni kiwango cha juu cha modemu, mnara hauahidi kitu. Sogea dirishani, upime tena.